SOMO LA TISA: NYUMBA YA VYUMBA SITA

Historia ya vijana, watu wa makamo na wazee kukaa pamoja, Kariakoo na Mchikichini

Natumaini mwalimu wa darasa amekwisha kuwagawia karatasi za somo hili, na kila mmoja ana kalamu yake. Asiyeona vizuri asogee karibu na taa.

Katika somo la nane tulisoma habari za soko, watu wanaouza na watu wanaonunua. Lakini jioni soko linapofungwa, watu hao huenda wapi? Hulala kwa nani? Hilo ndilo somo letu la leo. Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Hata chumba cha kulala kina historia yake. Ukijua nani alilala katika chumba gani, na kwa sababu gani, umejua jambo kubwa juu ya mji.

Swali letu ni hili: Katika mji wa Dar es Salaam, kijana alipata wapi mahali pa kukaa? Mtu wa makamo alikaa wapi? Na mzee je? Likumbukeni swali hilo mpaka mwisho.

1. MAHALI PENYEWE

Mchikichini ni kata katika Wilaya ya Ilala. Iko kati ya Kariakoo na Ilala, karibu na bonde la mto Msimbazi. Mchikichi ni mti utoao mawese, na jina la mahali latukumbusha mti huo. Leo wengi wanaijua Mchikichini kwa sababu ya Soko la Karume, penye nguo za mitumba. Lakini kabla ya mitumba palikuwa na nyumba, na watu wake.

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliufanya makao makuu ya serikali yao. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka. Jeshi la Waingereza lilikuwa na kikosi kikubwa cha wapagazi wa Kiafrika kilichoitwa Carrier Corps. Kikosi hicho kilipiga kambi magharibi ya mji. Watu wakalitamka jina lake kwa ulimi wao wenyewe, likawa Kariakoo.

Baada ya vita serikali ya Waingereza iliugawa mji sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa Uzunguni. Ya pili ilikuwa Uhindini. Ya tatu ilikuwa ya Waafrika, nayo ni Kariakoo, na baadaye Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja. Katika sehemu ya tatu watu waliruhusiwa kujenga nyumba za fito na udongo. Viwanja vilipimwa safu safu na mitaa ikanyoka.

Tazameni majina ya mitaa ya Kariakoo: Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Sukuma. Majina hayo yatuonyesha kwamba mji huu ulikuwa na watu waliotoka mbali. Wengine walikuwa Wazaramo wa karibu, waliokuja kwa miguu kutoka Kisarawe. Wengine walikuja kwa gari moshi kutoka Tabora na Kigoma. Mtu aliyetoka mbali aliuacha ukoo wake nyuma. Shambani, ukoo ndio unaompa kijana mahali pa kujenga, na ndio unaomlisha mzee. Mjini ukoo haukuwapo, au ulikuwapo nusu tu. Basi kazi ya ukoo ilishikwa na nyumba.

2. NYUMBA YENYEWE

Sasa chukueni kalamu tuchore. Chora mstatili mrefu. Katikati yake, kutoka mbele mpaka nyuma, chora njia. Huo ndio ukumbi, ambao wengine huuita korido. Upande wa kulia wa ukumbi chora vyumba vitatu. Upande wa kushoto chora vitatu. Jumla vyumba sita. Mbele ya nyumba, chini ya paa, chora baraza ya kukalia. Nyuma chora ua, na ndani ya ua chora jiko, bafu na choo.

(Hapa mwalimu awape wanafunzi dakika tatu wamalize kuchora.)

Hiyo ndiyo nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam. Kuta zake zilikuwa fito na udongo, na paa lake makuti. Wengine waliezeka kwa madebe yaliyobanjuliwa. Waliopata nafuu waliezeka mabati, kisha wakajenga kwa matofali ya saruji. Vifaa vilibadilika, lakini ramani ilibaki ile ile kwa muda mrefu.

Mwenye nyumba hakukaa vyumba vyote. Alichukua kimoja au viwili, na vilivyobaki akapangisha kimoja kimoja. Kila mpangaji alikuwa na ufunguo wake, lakini ua ulikuwa mmoja, choo kimoja, na moshi wa jiko la mmoja uliwafikia wote. Wanaume walizungumza barazani, na wanawake walikaa uani. Mtu akiugua usiku, ukuta ulikuwa mwembamba, jirani akasikia.

Mwaka 1956 na 1957 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, J. A. K. Leslie, alifanya uchunguzi mkubwa wa maisha ya watu wa Dar es Salaam. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1963. Mle ameeleza nyumba za namna hii, wenye nyumba na wapangaji wao, na jinsi mgeni alivyotafuta kwanza jamaa yake wa kumfikia. Wakati ule mji ulikuwa mdogo. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta watu 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika Mkoa mzima. Someni tena tarakimu hizo polepole, mkizingatia alama ya mkato.

3. KIJANA

Sasa tuingie vyumbani. Tuanze na kijana. Sikilizeni mazungumzo haya. Si habari za mtu fulani, ni mfano wa mambo yaliyotokea katika nyumba nyingi.

KIJANA: Hodi! Hodi wenyewe!
MAMA MWENYE NYUMBA: Karibu. Nani?
KIJANA: Shikamoo mama.
MAMA: Marahaba mwanangu. Watoka wapi?
KIJANA: Natoka Kisarawe, mama. Namwulizia mjomba wangu, mchukuzi wa sokoni. Nimeambiwa amepanga hapa.
MAMA: Yupo. Chumba cha pili, mkono wa kushoto. Lakini harudi mpaka jioni. Weka mzigo wako hapo ukumbini. Umekula?
KIJANA: Bado, mama.
MAMA: Basi kaa. Ila sikiliza. Mwezi huu wewe ni mgeni wa mjomba wako. Mwezi ujao uwe umepata kazi, umsaidie kodi. Na maji ya kuoga utachota mwenyewe.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini jembe lilikuwa kodi. Lakini mwanzo wa yote ulikuwa mlango uliofunguliwa. Kijana alilala ukumbini, au barazani, au chumba kimoja na wenzake watatu. Akipata kazi alipanga chumba chake.

Mlango huo ulikuwa na maana kubwa kuliko usingizi. Zamani neno mhuni halikuwa na maana ya mtu mwenye tabia mbaya tu. Lilitumika kwa mtu anayetangatanga, asiye na jamaa wala makazi, na wengine walimwita hivyo hata mtu asiyeoa. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwakamata vijana iliowaita wahuni, ikawarudisha makwao. Baada ya Uhuru mambo kama hayo yalitokea tena. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvukazi, na watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mjini ili wapelekwe mashambani. Nyakati zote mbili, kijana aliyekuwa na chumba, na mtu mzima wa kusema, "Huyu ni wangu, anakaa kwangu," alikuwa na ngao.

Siku hizi kijana hupanga chumba anachokiita geto. Vijana wengi wanaouza nguo Karume na bidhaa Kariakoo hulala wawili au watatu katika chumba kimoja, wakachangiana kodi na umeme wa LUKU. Zamani kodi ililipwa mwezi kwa mwezi. Sasa wenye nyumba wengi hudai miezi sita au mwaka mzima kwa mara moja, tena kuna fedha ya dalali. Januari 2022 Soko la Karume liliungua. Aliyepoteza meza yake sokoni siku ile, na kodi yake ikawa karibu kwisha, alijua vizuri tofauti ya mwenye nyumba anayekujua na mwenye nyumba asiyekujua.

Mimi mwenyewe nawiwa na ukumbi. Nilipokuja Dar es Salaam kusomea stashahada ya chuo kikuu, sikuwa na fedha ya kupanga. Nilikaa kwa shangazi yangu, mjane, katika nyumba ya vyumba sita huko Mchikichini. Kila alfajiri nilikunja godoro kabla wapangaji hawajaamka, maana nililala njiani kwao. Nitamrudia shangazi huyo baadaye.

4. WATU WA MAKAMO

Kijana akioa, chumba ni kile kile. Mume, mke na watoto waliishi katika chumba kimoja. Kitanda kiliwekwa nyuma ya pazia. Watoto wadogo walilala chini, mbele ya pazia. Walipokua kidogo, walitawanywa. Binti alikwenda kulala na bibi, au na mwanamke mjane wa chumba cha pili. Wavulana walikwenda barazani au katika banda la uani. Kwa hiyo usiku watoto wa mzazi mmoja walilala nyumba tatu, na asubuhi wakanywa chai pamoja.

Wazaramo walikuwa na desturi ya mwali. Msichana aliyevunja ungo alitiwa ndani, akafundishwa na kungwi wake, kisha akatolewa kwa ngoma. Mjini nyumba ilikuwa na vyumba vichache, lakini desturi haikuachwa. Palitafutwa chumba, hata kama wenyeji wake walipaswa kubanana kwingine.

Kwa nini watu waliishi kwa shida namna hii? Sababu moja ni mshahara. Katika siku za ukoloni kibarua wa mjini alilipwa kama mtu aliye peke yake, kana kwamba mke na watoto wake wanalishwa na shamba. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea mpaka kwenye reli. Walidai mshahara na hali bora ya maisha. Mshahara mdogo ulifanya wanaume wengi wawaache wake zao nyumbani. Wanaume walikuwa wengi mjini kuliko wanawake.

Na wanawake je? Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Wenye nyumba wa Dar es Salaam hawakuwa wanaume peke yao. Mwanamke aliyeachika au kufiwa, akauza maandazi, vitumbua au pombe, akaweka senti kwa senti, aliweza kujenga chumba kimoja, kisha cha pili. Akawa Mama Mwenye Nyumba. Hakuwa tena na haja ya kumwomba kaka yake mahali pa kulala.

Wanawake wa namna hii walifanya kazi kubwa katika historia ya nchi yetu. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Aliolewa mara ya kwanza akiwa msichana mdogo, ndoa ile ikavunjika, akaolewa tena. Mwaka 1955 alianza kuwakusanya wanawake kuingia TANU, akivipitia vikundi vya ngoma vya mjini. Mwandishi Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU, ameonyesha kwamba wengi wa viongozi wale walikuwa watu wa makamo, Waislamu, wenye elimu ndogo ya shule, na wengi walikuwa wamekwisha kuachika. Mwanamke mwenye fedha zake na paa lake aliweza kutoka kwenda mkutanoni bila kungoja ruhusa.

5. WAZEE

Sasa tufike kwa mzee. Mzee wa mjini alikula nini, nguvu zilipokwisha?

Mtu aliyefanya kazi serikalini au katika shirika alipata pensheni au kiinua mgongo. Lakini mchukuzi wa sokoni hakupata. Muuza samaki hakupata. Mama wa maandazi hakupata. Pensheni yao ilikuwa nyumba. Vyumba vitano vikilipa kodi, chumba cha sita kinalala bure, na mwenye nacho anakula. Ndiyo sababu watu walijinyima nyama miaka mingi ili wajenge. Walikuwa wakijiwekea uzee wao.

Tena mzee hakukaa peke yake. Mjukuu aliletwa kutoka kwa wazazi wake akae naye, amchotee maji na kumtuma dukani. Mpangaji kijana alimpandia juu ya paa kuziba linapovuja. Naye mzee aliamua ugomvi wa uani, akashika funguo za waliosafiri, akalea watoto ambao mama zao walikwenda sokoni.

Kulea mtoto wa mwingine ni desturi ya zamani katika mji huu. Chukueni mfano wa Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake alikuwa askari aliyetoka Msumbiji kulitumikia jeshi la Wajerumani, naye alifariki mtoto angali mdogo. Kleist akalelewa nyumbani kwa Effendi Plantan, askari mwenzake baba yake. Mtoto huyo alikua, akawa mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929. Wanawe walikuwa miongoni mwa watu waliofanya kazi ya TANU tangu mwanzo. Asingepata nyumba ya kulelewa, tusingelijua jina lake.

Na mzee asiye na mtoto akifa, nani atamzika? Watani walikuja. Palikuwa na vyama vya kabila vilivyochanga sanda. Na wapangaji wenyewe waliweka matanga barazani, kama walivyowekeana watu wa ukoo mmoja.

Lakini tusiwadanganye vijana kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema. Choo kimoja kwa watu ishirini si jambo jema. Kikohozi cha mmoja kilikuwa kikohozi cha wote. Palikuwa na ugomvi wa maji, wa kuni, wa wake na waume. Mpangaji aliyeshindwa kodi alitolewa vyombo nje. Na mwanamke aliyepigwa nyuma ya pazia alisikiwa na nyumba nzima, na mara nyingi hakuna aliyegonga mlango.

(Hapa wanafunzi wazungumze dakika tano: Katika nyumba mliyolelewa, watoto walilala wapi? Mzee alilala wapi?)

6. NYUMBA ZINAPOONDOKA

Baada ya Uhuru serikali ilitaka watu wakae katika nyumba bora. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za udongo zilibomolewa mjini, zikajengwa za matofali ya saruji na mabati. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ndogo za vyumba sita hazikuguswa na sheria hiyo. Wenyewe walibaki nazo.

Mabadiliko makubwa ya Kariakoo yalikuja baadaye, biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990. Kiwanja cha Kariakoo kikawa mali kubwa. Tajiri anakuja, anakitazama kile kiwanja cha nyumba ya udongo, anahesabu maduka yatakayokaa chini na ghorofa zitakazokaa juu. Wengine huuza kabisa. Wengine hufanya ubia: mwenye kiwanja anatoa ardhi, mjenzi anatoa fedha, kisha wanagawana jengo. Baraza zikaondoka, na mahali pake yakaja maduka. Mchikichini nako nyumba za zamani zinapungua mwaka hadi mwaka.

Mara nyingi nyumba huuzwa mwenyewe akifa. Tufanye hesabu. Hii ni hesabu ya mfano tu, na bei yake nimeichagua ili igawanyike vizuri.

Mzee Mwislamu amefariki. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume, na mabinti watatu. Nyumba ya vyumba sita haigawanyiki kwa msumeno, basi wanaiuza kwa shilingi milioni 80. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Nane katika themanini ni kumi. Mjane amepata milioni 10. Zimebaki milioni 70. Mwana wa kiume hupata mafungu mawili, binti fungu moja. Wana wawili mafungu manne, mabinti watatu mafungu matatu, jumla saba. Kila fungu ni milioni 10. Basi kila mwana anapata milioni 20, na kila binti milioni 10.

Hesabu ni sawa, na hakuna aliyedhulumiwa. Lakini tuendelee. Zamani, tuseme, vyumba vitano vilipangishwa kwa shilingi 40,000 kila kimoja kwa mwezi. Ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na watoto walimwachia mama yote. Sasa mama akila shilingi 200,000 kila mwezi kutoka katika zile milioni 10, zitamtosha miezi 50. Ni miaka minne na miezi miwili. Na bado hatujalipa kodi ya chumba, maana sasa naye ni mpangaji. Baada ya hapo?

Hapo ndipo nirudi kwa shangazi yangu. Nyumba yake iliuzwa kwa njia hiyo hiyo. Nyumba haipo tena. Alipata thumuni yake kamili. Sasa anakaa kwa mwanawe huko Chanika, ana chumba chake, anakula, na hakuna anayemtukana. Nilipokwenda kumwamkia aliniambia, "Mwanangu, zamani watu waliniletea kodi mkononi na salamu juu yake. Sasa nikitaka kwenda mazishini, naomba nauli." Sikuwa na jibu la kumpa.

Katika mauzo yale kijana alipata mtaji, na mtu wa makamo alipata fedha za kujenga nje ya mji. Mzee alipoteza kazi yake ya umwenye nyumba, na kijana mgeni anayekuja kesho amepoteza ukumbi wa kulala. Walioumia ni wa mwanzo na wa mwisho wa umri.

7. SHERIA YASEMAJE?

Ni vizuri tujue mambo machache.

Kwanza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yasema kwamba mume au mke hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Pili, sheria hiyo hiyo, kifungu cha 160, yasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, isipokuwa ipatikane hoja ya kuonyesha sivyo. Wengi wanaokaa pamoja bila cheti hawalijui jambo hili.

Tatu, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za mke za nyumbani, yaani kupika, kufua na kulea, zahesabiwa kuwa mchango wake katika kupata mali ya ndoa.

Nne, katika makabila mengi ya bara hutumika sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963, ambayo haimpi mjane fungu lake katika urithi wa mumewe. Inawaachia watoto wamtunze. Kwa hiyo mtu wa mila hiyo anayetaka mkewe awe salama, aandike wosia angali hai.

Tano, kuna sheria ya mwaka 2008 inayowezesha mtu kupata hati ya sehemu ya jengo. Basi wenye kiwanja wakifanya ubia, wanaweza kudai chumba cha mama katika ghorofa, chenye hati kwa jina lake.

Wenzetu wa Zanzibar wamefuata njia nyingine. Tangu Aprili 2016 serikali yao huwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, hata wasiopata kuajiriwa. Mwanzoni ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha ile ni ndogo, lakini humjia mzee kwa jina lake mwenyewe.

8. MUHTASARI

Nyumba ya vyumba sita ilikuwa kama ukoo. Ilimpokea kijana ukumbini, ikampa mtu wa makamo chumba, ikamlisha mzee kwa kodi. Kisha kijana yule alizeeka, naye akajenga, akapokea wengine. Ilikuwa na uchafu wake na ugomvi wake. Haitarudi yote, wala hatusemi kila nyumba ya zamani isivunjwe. Lakini kabla familia haijaweka dole gumba katika karatasi ya mauzo, na iketi barazani mara moja zaidi, ijiulize swali letu la mwanzo: Kijana atakaa wapi? Mtu wa makamo atakaa wapi? Na mzee je? Kama swali la tatu halina jibu, mapatano hayajaisha.

MASWALI

1. Jina Kariakoo lilitokana na nini?
2. Kwa nini mshahara mdogo uliwatenga waume na wake zao?
3. Nyumba iliyouzwa ingelipatikana kwa shilingi milioni 160, mjane angelipata kiasi gani?
4. Neno mhuni lilikuwa na maana gani zamani? Leo lina maana gani?
5. Mazungumzo: Katika mtaa wenu, mzee asiye na nyumba anakaa kwa nani? Nani humpa nauli?

MANENO YA KUJIFUNZA

Mjane: mwanamke aliyefiwa na mumewe.
Thumuni: sehemu moja katika nane.
Ubia: kushirikiana katika mali au kazi, kisha kugawana faida.
Wosia: maneno au maandishi ya mtu juu ya mali yake, yafuatwe baada ya kufa kwake.
Ridhaa: kukubali kwa hiari.

KAZI YA NYUMBANI

Mwulize mzee mmoja: Ulipofika mjini mara ya kwanza, ulilala kwa nani? Andika jibu lake kwa mistari mitano, ulete darasani. Wiki ijayo, katika somo la kumi, tutasoma habari za maji ya mjini, toka kisimani mpaka bombani. Kwaherini, na Mungu akipenda tutasikilizana tena.